Gari la Marehemu: Kulirudisha Kama Lilivyokuwa, au Kulifanya Lifae?

Mtu akikuachia kitu chake cha zamani na kukuomba ukitunze, je, uaminifu wako kwake ni kukirudisha kama alivyokiacha, au ni kukifanya kiweze tena kazi ile aliyokipendea? Huenda wengine wakasema kwamba hilo ni swali la watu wasio na kazi. Lakini hapa Lusewa limetushika tangu kiangazi cha mwaka juzi, wala hatujalimaliza, nasi tumeona si vibaya kulileta mbele yenu. Kwa maana ni nani kati yetu asiyeachiwa kitu? Wengine mmeachiwa nyumba, wengine mikorosho, wengine desturi za ukoo. Sisi tumeachiwa gari.

Ni pikapu ya Land Rover, ya aina iitwayo 109, kwa sababu toka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 109. Ni ya Series IIA, toleo lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Mwenyewe alikuwa mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa, naye alilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Alipofariki gari lilikuwa limekaa juu ya mawe miaka mingi, chini ya mwembe, na kuku walikuwa wakitagia penye kiti cha dereva. Watoto wake, ambao wengi wanaishi mijini, wakalitoa kwa parishi. Wakaomba mambo mawili: lisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na lirudishwe kama baba alivyoliacha. Parishi ikakubali mbele ya padre. Ndipo sisi wachache tulipojitolea: dereva mstaafu, seremala, mwalimu, na vijana wawili waliojifunza umakanika Songea. Tunakutana Jumamosi baada ya saa nane mchana, mavuno yakiisha, mpaka mvua zinapoanza.

Vijana wa leo hawana budi kuelezwa gari hilo lilikuwa nini kwetu. Lusewa ilikuwa ndani ya wilaya ya Songea kabla wilaya ya Namtumbo haijaanzishwa mwaka 2002, na kwenda Songea wakati wa masika kulikuwa ni safari ya kuagana na watu. Leo iko lami toka Songea kupita Namtumbo hadi Tunduru, ingawa haipiti hapa kwetu. Siku zile mgonjwa alibebwa kwa machela, kwa baiskeli, au kwa pikapu hii. Akina mama kadha wa parishi hii walipelekwa hospitali wakiwa na uchungu wa uzazi, wamelala juu ya magunia nyuma yake, na tunao watu wazima wanaokomunika kila Jumapili ambao walizaliwa salama kwa sababu ya gari hili. Marehemu hakuwa akitoza wagonjwa. Alitoza tumbaku.

Basi, kazi ikaanza kwa kukwangua. Hapa tuseme kidogo juu ya maumbile ya gari lenyewe, maana bila hayo hoja zetu hazitaeleweka. Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na chesisi ikafanywa kwa chuma. Lililokuwa shauri la dhiki likawa sifa: bodi haiozi. Lakini chesisi huoza kutoka ndani, mahali macho yasipofika, na pale aluminiamu inapogusana na chuma na kupata maji, aluminiamu nayo huliwa polepole ikawa kama unga. Kwa hiyo gari kuukuu la aina hii laweza kung'aa kwa nje nawe ukaingiza bisibisi katika chesisi yake kama unayeichoma mihogo iliyoiva. La kwetu lilikuwa hivyo upande wa nyuma. Wala tusitafute mahubiri hapo. Mmekwisha kuyaona wenyewe.

Tulipofika kwenye chesisi ndipo swali lilipoanza kuuma. Mwalimu akasema: tukikata vipande vyote vilivyooza na kuchomelea vipya, tukaweka injini nyingine, tukabadili difu, kutakuwa kumebaki nini cha marehemu? Swali hili ni la zamani sana. Mwandishi Myunani, Plutarch, ameeleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, wakiondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine, hata wenye elimu wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Serikali kwa upande wake ina jibu lake fupi: kadi ya gari imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini yaweza kubadilishwa, mradi utoe taarifa. Chesisi ndiyo inayolitambulisha gari. Jibu hili latosha polisi barabarani. Halitutoshi sisi, maana kwa Land Rover ni kama kusema kwamba nafsi ya gari imo katika kiungo kile kile kinachooza kwanza.

Seremala alileta jibu lililotupendeza zaidi. Alisema, tazameni makanisa yetu. Wazee wetu walisali chini ya nyasi, nyasi zikaondolewa yakaja mabati, kuta za fito na udongo zikabomolewa yakaja matofali ya kuchoma. Hakuna Mkristo aliyesema kwamba kanisa lake la ubatizo limetoweka. Kwa nini? Kwa sababu watu hawakuacha kusali pale hata Jumapili moja. Palipobomolewa ukuta huu, walisalia penye ukuta ule. Kinachounganisha ya kale na ya sasa si matofali, ni kazi isiyokatika.

Ni jibu zuri, na historia ya Kanisa letu yaliunga mkono. Wasomaji wa upande wa Ziwa Nyasa wanaijua habari ya meli Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Misheni ya UMCA iliiagiza toka Glasgow, ikaletwa vipande vipande zaidi ya elfu tatu, na inasimuliwa kwamba boila lake la tani 11 lilivutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Ikashushwa majini mwaka 1901, iwe hospitali, shule na kanisa linaloelea. Katika miaka ya 1950 ikaondoka mikononi mwa misheni, na katika miaka ya 1960 mvuke ukaondolewa ikatiwa injini ya dizeli. Baadaye ukatokea mpango wa kuifanya tena zahanati ya ziwani. Je, boila lile lililovutwa na watu 450 lilipotolewa, meli ilikufa? Hatudhani. Lakini pia hatuwezi kusema hakuna kilichopotea. Jasho la watu wale lilikuwa limeshikamana na kipande kile cha chuma kuliko vingine vyote.

Hapo ndipo jibu la seremala linapopungua. Kazi isiyokatika yaweza kuelezea kanisa lililojengwa upya huku watu wakisali. Gari letu kazi yake ilikatika. Lilikaa chini ya mwembe miaka mingi. Mwenye kukiamsha kitu kilicholala hana budi kuchagua akiamshe kikiwa nini.

Kati yetu pakatokea pande mbili. Upande mmoja, dereva mstaafu na mwalimu, walitaka ahadi itimizwe kama ilivyotamkwa. Injini ile ile ya dizeli ya lita 2.25, yenye nguvu zipatazo 62 za farasi tu. Giaboksi ile ile ambayo gia ya kwanza na ya pili haziingii mpaka dereva akanyage klachi mara mbili kwa kipimo chake. (Dereva wetu anaamini kwamba asiyeweza kufanya hivyo hajawa dereva, ni abiria aliyekalia upande wa usukani.) Hawa si watu wa ajabu. Mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha, na mengi yalikuwa ya umri wa babu zetu. Watu walipiga picha, wakafurahi, na hatuoni dhambi katika furaha hiyo. Kitu kilichofanywa vizuri kinastahili kupendwa. Isitoshe, ahadi ni ahadi. Ukianza kumtafsiria mwenzako maneno yake ili yakufae wewe, kesho utaitafsiri na nadhiri yako ya ndoa.

Upande wa pili, wale vijana, walitaka injini ya Toyota ya dizeli, kama wafanyavyo mafundi wengi wa nchi hii, kwa kuwa spea zake zapatikana hata Namtumbo. Walitaka taa zinazoonyesha njia, mikanda ya kiti, na alternata badala ya dainamo. Walisema parishi haikuomba pambo. Na wao wana haki: gari la parishi lisiloweza kupanda mlima likiwa na magunia kumi ni picha ukutani.

Lakini katika kubishana tulijifunza jambo ambalo wapenda maboresho hulisahau. Katika gari hakuna kiungo kinachoishi peke yake. Ukitia injini yenye nguvu maradufu, klachi ya zamani huteleza. Ukibadili klachi, nguvu hufika kwenye giaboksi, kisha kwenye shafti za difu la nyuma, ambazo kwa magari haya hata na injini yake ya asili zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika. Ukiimarisha shafti, gari sasa lakimbia mwendo ambao breki zake hazikupimiwa. Kila nguvu unayoongeza inauhamisha udhaifu toka mahali unapopajua kwenda mahali usipopajua. Wazee wa kiwandani walikuwa wamevipatanisha viungo vile. Ulegevu wa injini ulikuwa ndio ulinzi wa breki. Kwa hiyo asiye tayari kuboresha mpaka mwisho wa mnyororo afadhali asianze. Tuliona tusiwe wepesi kumcheka dereva wetu na klachi zake mbili.

Mambo yakawa hapo, nusu kwa nusu, mpaka tulipolala chini ya gari kufungua mabomba.

Tulikuta kwanza kwamba marehemu mwenyewe hakuwa ameliacha gari kama lilivyotoka kiwandani. Springi moja ilikuwa na pleti za lori. Kiti kilikuwa cha gari jingine kabisa. Tangi la dizeli lilizibwa kwa bati lililokatwa kwenye debe, na bolti nyingine zilichongwa kwa mkono. Tukacheka kwa furaha, maana tuliona alama za mtu aliyefikiri. Nasi tukakumbuka ni miaka gani alifanya hayo. Baada ya vita ya Kagera, toka mwaka 1979 mpaka katikati ya miaka ya 1980, nchi yetu ilikuwa katika uhaba ambao vijana hawaujui. Sabuni haikuonekana, sembuse pistoni. Mafuta yalipimwa, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwenye gari siku zile alikuwa mhunzi, mshonaji na mwombaji. Basi, kwa ahadi yetu, neno "kama baba alivyoliacha" likabadilika sura mbele ya macho yetu. Aliloliacha si gari la mwaka 1969 au 1970. Ni gari ambalo kila mwaka lilibadilishwa ili liendelee. Vijana wakashangilia, wakidhani wameshinda.

Lakini tukakuta jambo la pili. Bomba la breki liendalo gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limekunjwa na kupigwa nyundo hata likafunga kabisa. Fundi yeyote wa zamani anaelewa maana yake. Breki za magari haya zilikuwa za njia moja: mafuta yakivuja kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne yanakosa breki. Silinda ndogo ya gurudumu ikipasuka, nawe huna nyingine wala hujui utaipata mwezi gani, unalifunga bomba lake, unaendelea na magurudumu matatu. Marehemu alifanya hivyo. Na kwa jinsi kutu ilivyokuwa, hakufanya hivyo kwa safari moja. Alitembea hivyo muda mrefu. Yaani wale akina mama juu ya magunia, baadhi yao walipelekwa hospitali kwa gari lenye breki tatu, ambalo huvutwa upande mmoja kila dereva anapokanyaga, katika barabara ya tope.

Palikuwa kimya pale chini ya mwembe. Dereva mstaafu, ambaye alikuwa rafiki yake, alitoka chini ya gari akaenda kunawa mikono, akakaa mbali kidogo.

Tumelifikiri jambo hili sana, na tungependa nanyi mlifikiri. Je, marehemu alitenda vibaya? Baadhi yetu tulisema ndiyo: abiria hawakuambiwa. Mtu anaweza kuhatarisha roho yake mwenyewe akipenda. Hana ruhusa ya kuhatarisha ya mwenzake kimya kimya. Wengine walisema: mngemfanya nini mama aliyekuwa na uchungu tangu jana? Breki tatu au machela. Hatari ya barabarani huenda itokee. Hatari ya kukaa nyumbani ilikuwa imekwisha kufika. Sisi kwa jumla tumeona hivi, kwamba alichagua kama mtu mwema anavyochagua pale ambapo njia zote ni mbaya. Angewaambia abiria, nao wangepanda vile vile. Kosa, kama lipo, ni la kutokuwaambia, tena huenda aliwaambia. Hatuwezi kuwauliza wote.

Lakini tazameni linalofuata. Kilichomwachilia yeye ni dhiki. Spea haikuwapo, na mgonjwa alikuwa mlangoni. Sisi spea tunayo. Basi tukiliacha gari na breki za njia moja kwa sababu ndivyo lilivyotengenezwa, au kwa sababu ndivyo baba alivyoliacha, tutakuwa tumechukua hatari ile ile bila udhuru wake. Yeye alihatarisha watu kwa sababu ya watu. Sisi tungewahatarisha kwa sababu ya kupendezwa na ukale. Tendo laweza kuwa lile lile kwa macho, bolti kwa bolti, na kwa yule likawa huruma na kwetu likawa mchezo. Hili ndilo tuliloona kwamba linakata shauri. Mtu hawezi kumwiga mwema kwa kunakili vitendo vyake na kuziacha sababu zake.

Wazee wana methali: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ni methali tunayoipenda, na kwa mambo mengi ni kweli, kwa chesisi nzito za zamani pia ni kweli. Kwa breki si kweli. Basi tukakubaliana kwamba breki zitafanywa za njia mbili, bila kuangalia ahadi inasemaje, na za mbele ziwe za diski. Juu ya hilo hatukupiga kura. Kuna mambo ambayo anayeketi nyuma ana neno kuliko anayeshika usukani, na anayeketi nyuma hakuwapo kwenye kikao chetu. Anaweza kuwa mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Mambo mengine tumeyaacha yawe shauri la mapenzi na la mfuko. Na hapa tuseme juu ya mfuko. Halmashauri ya parishi ilituuliza kama fedha za injini nyingine hazingefaa kwa mabati ya nyumba ya katekista. Ni swali la haki. Tumejibu kwamba breki, matairi na chesisi ni deni, maana parishi ilipolipokea gari iliahidi lisiuzwe, na gari la hatari lililowekwa barabarani ni dhambi ya parishi nzima. Injini mpya si deni. Atakayeitaka ailetee fedha zake pembeni ya sadaka, na bati la katekista litangulie. Vijana hawakufurahi.

Tena kuna jambo la wakati, ambalo sisi wanaume twapenda kulipita haraka. Tumezoea kusema tunafanya kazi hii "wakati wa nafasi." Nafasi hiyo inatoka wapi? Jumamosi saa nane mchana mke wa seremala hana nafasi. Anachota maji, anapukuchua mahindi, anaangalia wajukuu, na jioni anafua ile nguo yenye grisi isiyotoka. Mara nyingi nafasi ya mwanamume ni kazi ya mwanamke iliyopewa jina zuri zaidi. Alitusema hivyo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, tena mbele ya watu, na hakuna aliyepata jibu. Hatukuacha kazi, lakini tulikubaliana kwamba Jumamosi moja katika kila mbili mwisho wake ni saa kumi, na kwamba mtu asije gerejini kama kwake kuna kuni hazijapasuliwa. Kazi inakwenda polepole zaidi sasa. Gari haina haraka. Imesubiri miaka mingi.

Wengine wametuuliza kama tutanyoosha bodi. Pana bonde kubwa juu ya tairi la nyuma, ambapo gari liligonga mti likiwa na mzigo, na mlango mmoja una mikwaruzo ya pembe za ng'ombe. Aluminiamu ni laini, hunyooshwa kwa nyundo ya mbao bila taabu. Fundi mmoja wa mjini alitushauri tupige puti na rangi ing'ae kama mpya. Tumekataa. Mwinjili Yohana anatueleza kwamba Bwana alipofufuka, mwili wake ulikuwa umepita milango iliyofungwa, wala hautakufa tena, na bado alama za misumari zilikuwapo, hata Tomaso akaonyeshwa. Hatulilinganishi gari na jambo takatifu hilo, la hasha. Twasema tu kwamba tangu zamani Kanisa limejua kuwa kufanywa upya hakudai kufuta yaliyompata mtu. Bonde litabaki, lipigwe rangi ya kuzuia kutu tu.

Injini ya zamani tumeishusha kwa minyororo kwa sababu lazima chesisi ichomelewe. Haijaamuliwa kama itarudi. Katika Ziwa Tanganyika iko meli Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 wakaiita Graf von Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na mvuke wake haukubadilishwa kuwa dizeli mpaka miaka ya 1970. Tunawawazia mafundi wale, wakipaka grisi kwa uangalifu kitu wanachokwenda kukitosa, bila kujua ni nani atakayekifaidi. Nasi tumeipaka ya kwetu, tumeziba matundu yake kwa vitambaa, tumeifunika magunia katika stoo ya parishi. Kama vijana watapata fedha za Toyota, hii itakaa hapo. Kama hawatapata, itafunguliwa, itiwe ringi mpya na kurudishwa, na dereva mstaafu atapata wa kumfundisha klachi mbili.

Limebaki jambo la watoto wa marehemu. Tulibishana kama tuwaeleze habari ya bomba lililokunjwa, au tutie jipya na kunyamaza. Dereva mstaafu alitaka tunyamaze. Alisema mtu aliyekufa hawezi kujitetea, nasi tusiwaachie watoto doa. Mwalimu akajibu kwamba watoto hawa waliomba gari lirudi kama baba alivyoliacha bila kujua aliliachaje, na sisi tunaobadilisha masharti ya ahadi yao hatuna budi kuwaambia sababu, ama sivyo tumewadanganya mara mbili. Tukawaandikia barua ndefu. Tukaeleza uhaba wa miaka ile, tukaeleza akina mama waliofika salama, tukaeleza bomba. Tukawaomba ruhusa ya breki za njia mbili, ingawa kwa kweli tulikwisha kuamua kwamba bila hizo gari halitatoka chini ya mwembe.

Binti mkubwa alipiga simu kwa padre baada ya wiki tatu. Alisema breki tufanye. Akasema pia kwamba alikuwa akijua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyemshikia baba yake taa siku ile alipolipiga bomba nyundo usiku, na nyuma ya gari alikuwapo shangazi yake akisubiri kupelekwa. Akaomba bomba lile lisitupwe. Limo katika kopo la maziwa pamoja na bolti za kuchonga, juu ya kabati la stoo, mpaka atakapokuja mwezi wa Julai.